Siku Placidi Alipotoka Kikaoni

Asubuhi za Julai kijijini Lihangwe ni za baridi kali. Ukungu hukaa juu ya mibuni mpaka saa tatu. Gaudiosa aliamka mapema kama kawaida, akawasha moto, akabandika uji. Mume wake, Placidi Kinunda, alikuwa uani akifunga magunia ya kahawa mbivu waliyochuma jana.

"Leo tunapeleka wapi?" Gaudiosa aliuliza.

"Kule kule kijiji cha jirani," Placidi alijibu. "Tutapanga foleni tena."

Kahawa mbivu haisubiri. Ikichumwa leo, ganda lake jekundu litolewe leo leo. Ikilala, kama hii ya jana, inachacha, na daraja lake linashuka. Lihangwe walikuwa na mtambo wao wa kumenyea kahawa, mali ya kijiji. Lakini wiki mbili nyuma mtu asiyejulikana aliufungua, akaondoka na mota. Sasa mota mpya ilikuwa inatoka Songea. Watu wote walisema jambo moja: safari hii lazima tuweke walinzi.

Placidi alikuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Kwa hiyo hakushangaa Jumapili ile mdogo wake, Kilian, alipokuja nyumbani baada ya misa. Kilian alikuwa mgambo zamani. Sasa alikuwa ameanzisha kampuni ya ulinzi mjini Mbinga. Mkononi alishika bahasha.

"Hujambo, shemeji," alimsalimia Gaudiosa. Kisha akamgeukia Placidi. "Shikamoo, kaka. Nimeleta mkataba. Mwenyekiti ameshauona. Alhamisi mtakaa kikao. Wewe sema ndiyo tu, wenzako watafuata."

Placidi alitabasamu. Baba yao alifariki Kilian akiwa mdogo, na Placidi ndiye aliyemlea. Kumwona leo ana kampuni yake kulimfurahisha sana.

"Nisome kwanza?" aliuliza.

"Kaka, ni karatasi nane. Maneno ya kisheria tu. Utachoka bure."

Kilian alikunywa chai, akaondoka. Gaudiosa alikausha mikono, akavuta kigoda. Mwaka uliopita alikuwa amemaliza darasa la kisomo cha watu wazima pale parokiani. Tangu hapo alisoma kila kitu: kalenda, mifuko ya mbolea, matangazo ya mnada.

"Nipe hayo maneno ya kisheria," alisema.

Alisoma polepole, kidole chini ya mstari. Karatasi ya kwanza ilikuwa na majina. Ya pili ilikuwa na saa za kazi. Kwenye karatasi ya tano kidole kilisimama.

"Mlinzi atakuwa na haki ya kumkamata na kumwadhibu mtu yeyote atakayemshuku." Gaudiosa aliinua macho. "Kumwadhibu? Nani kampa?"

"Endelea," Placidi alisema.

"Kijiji kitawajibika kwa jambo lolote litakalofanywa na mlinzi. Mkataba huu hautavunjwa kabla ya miaka kumi." Aliiweka karatasi chini. "Baba, mlinzi akimvunja mtu mguu, tutajibu sisi. Na hatuwezi kumwondoa mpaka watoto wetu waote mvi."

Placidi alicheka kidogo, lakini kicheko kiliisha haraka. Mkataba ule Kilian aliunakili mahali fulani mjini, bila kuuelewa. Placidi alilijua hilo. Alijua pia kwamba alikuwa karibu kuupitisha.

Kesho yake alikwenda ofisi ya kijiji. Mtendaji wa kijiji alikuwa dada mmoja anayeitwa Hasna Bwanali, mtoto wa wenye duka pale Mbinga mjini. Alikuwa na miezi michache tu Lihangwe.

"Shikamoo, baba Kinunda."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na maswali."

Hasna aliusoma mkataba mpaka mwisho. Kisha akachukua muhuri wa kijiji mezani, akauweka mbele ya Placidi.

"Baba, unajua huu ni wa nani?"

"Wa mwenyekiti."

"Hapana. Wala si wangu. Ni wa halmashauri ya kijiji. Sheria inaihesabu halmashauri hii kama mtu."

"Mtu?"

"Mtu kabisa. Inaweza kumiliki mali. Inaweza kuingia mkataba. Inaweza kushtaki mahakamani, na kushtakiwa. Wenyeviti wanabadilika. Wajumbe wanamaliza muda wao, wengine wanafariki. Yenyewe inabaki pale pale. Mkataba ukishagongwa huu muhuri, aliyeahidi si Mzee Joakim mwenyekiti. Ni Lihangwe."

Placidi aliutazama ule muhuri. Kwa miaka mitatu aliuona kama kitu cha kugongea barua za utambulisho. Sasa aliuona tofauti. Alifikiria babu yake, aliyechimba ngolo za kwanza, yale mashimo ya kulimia mteremkoni. Alifikiria watoto ambao bado hawajazaliwa. Wote hao walikuwa ndani ya mtu mmoja asiyekufa, na yeye Placidi alikuwa mmoja wa wanaomsemea.

"Na mimi nilitaka kusema ndiyo bila kusoma," alisema kwa sauti ndogo.

"Hujasema bado," Hasna alijibu. "Tuangalie vizuri. Kwanza, hii kampuni imesajiliwa? Ina kibali cha polisi cha kufanya kazi ya ulinzi? Hapa sioni nakala hata moja. Pili, hakuna mkataba unaoweza kumpa mlinzi haki ya kuadhibu. Mlinzi akimkamata mwizi, kazi yake ni kumfikisha polisi bila kuchelewa. Kuadhibu ni kazi ya mahakama peke yake."

"Na ile miaka kumi?"

"Tuweke mwaka mmoja. Tuandike pia jinsi ya kuuvunja kama kazi ni mbaya. Kampuni iwajibike kwa makosa ya walinzi wake. Halafu rasimu tuipeleke kwa mwanasheria wa halmashauri ya wilaya aipitie kabla hatujasaini. Na tusichukue kampuni moja tu kwa sababu imetujia. Tutangaze, tulinganishe."

Placidi alikuna kidevu. Jambo zito zaidi lilikuwa bado.

"Mwanangu, mwenye kampuni ni mdogo wangu. Tumbo moja."

Hasna alimtazama kwa upole. "Basi, baba, Alhamisi itabidi uliseme hilo mbele ya kikao. Kisha utoke nje. Usijadili, usipige kura. Na itaandikwa kwenye muhtasari kwamba ulitoka."

"Watu wataniona mwizi."

"Wataona umefuata sheria."

Alhamisi walihudhuria wajumbe kumi na tisa kati ya ishirini na watano. Walizidi nusu, kwa hiyo kikao kilikuwa halali. Mzee Joakim alifungua kwa sala, kisha akainua bahasha ya Kilian.

"Hili la ulinzi ni jepesi," alisema. "Tupitishe, tukachume kahawa."

Placidi alisimama.

"Mwenyekiti, mwenye kampuni hii ni Kilian, mdogo wangu wa damu. Nina maslahi hapa. Naomba nitoke, ninyi mwamue."

Mama Mektilda, mjumbe wa siku nyingi kuliko wote, aliweka mkono kifuani. Hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho Lihangwe. Mjumbe alizoea kusimama ili aombe kitu cha ndugu yake. Huyu alisimama ili aondoke.

Nje, Placidi alisimama karibu na vichanja vya kuanikia kahawa. Ukungu ulikuwa umeondoka. Milima ya Umatengo ilionekana yote, mmoja nyuma ya mwingine, hadi kule inakoanza kuteremka kuelekea ziwani. Sauti za wenzake zilimfikia bila maneno. Alikuwa hasemi, hapigi kura, lakini kijiji kilikuwa kinaamua, na bado kilikuwa kijiji chake. Alivua kofia bila kujua kwa nini, kama anavyovua mlangoni mwa kanisa.

Walipomwita ndani, Mzee Joakim aliinamisha kichwa kidogo. "Kinunda, huo mkataba tumeukataa. Mtendaji ametueleza. Tutatangaza upya, na mkataba mpya tutaupeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mimi nilikuwa naingia shimoni macho wazi."

Kilian alikasirika sana. Alipiga simu usiku huo huo.

"Umenitupa, kaka! Wewe uliyenilea!"

"Sijakutupa. Leta nakala za usajili. Leta kibali cha polisi. Shindana kama wengine."

Simu ilikatika. Wiki tatu Kilian hakukanyaga nyumbani. Gaudiosa alimwombea kila jioni, na Placidi alikuwa hamalizi ugali wake.

Kampuni tatu zilileta barua. Moja ilikuwa ya Kilian, usajili umekamilika, lakini kibali cha polisi kilikuwa bado. Halmashauri ilichagua kampuni ya Songea iliyokuwa na nyaraka zote. Placidi alitoka nje ya kikao hicho pia. Mwanasheria wa wilaya aliipitia rasimu, akarekebisha vipengele vinne. Kisha mkutano mkuu ukaitwa kwenye uwanja wa shule.

Watu walijaa. Hasna alisoma mkataba wote kwa sauti, kipengele kwa kipengele. Wakulima waliuliza, naye akajibu. Mwisho Mzee Joakim alisema, "Wanaokubali, wanyooshe mikono."

Mikono ilipanda. Ilikuwa mamia: mikono yenye rangi ya kahawa kwenye kucha zote, mikono ya vikongwe, mikono ya akina mama wenye watoto mgongoni. Placidi aliangalia huku na huku, na moyo ukamjaa. Ndipo akamwona Kilian, amesimama nyuma kabisa. Alikuwa ameshindwa zabuni ile, lakini naye ni mkazi wa Lihangwe. Mkono wake ulikuwa juu.

Mtambo ulianza tena kunguruma. Jumapili moja ya Septemba, watu wote wakiwa misani, mlinzi aliyeitwa Stephano alimkamata mtu anafungua mkanda wa mtambo. Habari zilifika kanisani watu wakitoka. Walikimbia, wengine wameshika fimbo, wengine mawe. Walikuwa zaidi ya mia.

Stephano alikuwa peke yake. Alimkalisha yule mtu chini, akasimama mbele yake, mikono mitupu.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi mmeniajiri ninyi. Mkataba wenu unasema aliyekamatwa anafikishwa polisi mzima. Mlinyoosha mikono. Msinivunjishe mkataba wenu."

Umati ulisimama. Mtu wa mbele alitazama jiwe mkononi mwake. Akaliachia. Mwingine akaliachia lake. Placidi alikuwa ameona mvua ya mawe, ameona moto wa mlimani, lakini hakuwahi kuona nguvu kama ile: maneno ya karatasi yanasimamisha watu mia wenye hasira. Gari la polisi lilipofika kutoka Mbinga, mtu yule alipanda kwa miguu yake mwenyewe. Baadaye mahakamani alieleza mota ya kwanza ilikopelekwa.

Kilian alikuwa kwenye umati. Watu walipotawanyika alimfuata kaka yake, wakasimama bega kwa bega karibu na mtambo.

"Kaka," alisema, "kama angekuwa mlinzi wangu, na ule mkataba wangu…"

Placidi alimshika mkono.

"Kibali chako cha polisi kimefikia wapi?"

"Wamesema mwezi ujao. Walinzi wangu nimewapeleka mafunzo." Kilian alijifuta macho. "Nikiandika mkataba mwingine, nataka shemeji ausome kwanza."