Springi za Kiti cha Nyuma

Mtu akichoka sana huacha kushangaa, na hilo ndilo lililomponza fundi. Asubuhi ya tatu tangu aletewe ile pikipiki kuukuu, alikuta springi mbili za kiti cha nyuma zimebonyea hadi mwisho, kama kuna mtu amekaa, na juu ya kiti hapakuwa na kitu. Akaguna tu. Alijisemea kwamba chuma nacho huzeeka, kama sisi.

Wateja walimwita Fundi Kesho, maana ukimuuliza kazi yako atakwambia kesho. Lakini mvivu hakuwa, jamani. Kila asubuhi alimnyanyua mama yake kitandani, akamketisha kwenye kiti cha dirishani, na jioni akamrudisha. Mama mwenyewe alikuwa mwepesi, mifupa na shuka, ila miaka minne ya kunyanyua si mchezo. Na kile kiti kilikuwa kimekwisha, mgongo wa bibi wa watu haukuwa na raha hata kidogo.

Pikipiki ilikuwa ya nesi mmoja. Aliirithi kwa baba yake, ikakaa stoo miaka thelathini chini ya magodoro, na sasa alitaka itembee tena na ipite ukaguzi. Fundi akaifumua yote, akasafisha kabureta, akabadili cheni, nyaya, breki na tairi. Springi nazo akaweka mpya. Zile za zamani, alipozifungua tu, zilinyooka mkononi mwake, chuma safi ajabu. Desturi ya gereji yake ni kwamba kipuri cha zamani humrudia mwenyewe ndani ya boksi, asije akasema kaibiwa. Springi zile hakuzitia kwenye boksi. Alizipeleka nyumbani akazifunga kwenye kiti cha mama, na mama akasema, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, kwamba mgongo haumuumi. Usiku huo fundi alilala fofofo.

Siku ya kuijaribu barabarani, saa nane mchana, jua kali, pikipiki iliwaka kwa kiki ya pili, naye akafurahi. Kwenye kilima furaha ikamtoka. Injini ilikuwa inalia kama imebeba watu wawili, na springi mpya nyuma yake zilikuwa zinasema kwi, kwi, kwi kila shimo, na harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi ilikuwa inamjia kutoka begani, ya baridi, karibu kabisa na sikio, naye akakaza macho mbele na kuongeza mwendo, akijiambia ni uchovu, ni uchovu tu, mpaka akafika kituo cha mafuta. Muuza mafuta hakuinua hata kichwa.

"Mwambie abiria wako ashuke," alisema. "Hatujazi mtu akiwa juu."

Fundi aliirudisha pikipiki kwa kuisukuma, na ilikuwa nzito. Nesi alipoitwa, alisimulia kwa sauti ya chini kwamba baba yake naye alirudi siku moja akiisukuma hivyohivyo, akaifungia stoo, na alipoulizwa alijibu neno moja tu, kwamba bado hajashuka. Wao walidhani ni uzee.

Wakamwita mganga. Alikuja na mafua, anapenga kila dakika, ukimtazama humdhanii. Aliizunguka pikipiki mara moja akasema huyu ni jini asiye na makao. Makao yake ni pale alipokalia. Akaagiza pikipiki isimamishwe juu ya mkeka pamoja na kila kipuri cha zamani kilichofunguliwa kwake, hata nati, ili atakapofukuzwa asibakiwe na pa kuketi. Fundi akamwaga boksi zima.

"Ndiyo vyote?" mganga aliuliza.

Fundi akamfikiria mama. Wiki mbili mama hajalia usiku. Na springi zilizobonyea mchana ule zilikuwa mpya, basi za zamani zina kosa gani?

"Vyote," alisema.

"Nakuuliza tena, mwanangu. Kimebaki kitu?"

"Hakuna, mzee."

Mganga akafukiza, akanyunyiza maji, akasoma kwa muda mrefu, sauti yake ikazidi kushuka, mpaka springi za nyuma zikapanda zenyewe, taratibu, na ile harufu ya udongo ikawapita wote watatu ikatoka mlangoni. Nesi alilia. Alipanda pikipiki ya baba yake akaondoka nayo, nyepesi, mlio safi kabisa. Fundi alifunga gereji mapema, mwili wote unamuuma, akiwaza kulala tu.

Nyumbani mama alikuwa dirishani, amempa mgongo. Fundi akamsalimia. Mama aliitikia kwa kunong'ona, jambo ambalo si kawaida yake. Alipoinama amnyanyue kama kila jioni, mkono mmoja chini ya magoti, mwingine mgongoni, alisikia kwi ndogo chini ya kiti, na kwenye nywele za mama, zile nywele alizomwosha mwenyewe asubuhi, akanusa udongo uliochimbwa sasa hivi. Akamvuta juu. Mama yake, mifupa na shuka, alikuwa na uzito wa watu wawili.

"Polepole, baba," mama alimnong'oneza, na mikono yake ilikuwa imekumbatia kitu kisichoonekana. "Usije ukamwangusha."