Duara la Kalamu Nyekundu

Kila mchana, akitoka shuleni, Bibiane alimpelekea mama yake chakula kwenye kituo cha afya. Mama yake alikuwa mfagizi pale. Wiki ile kituo kilijaa watu. Wauguzi walikuwa wakipima mioyo ya watu wazima wa mtaa: mtu analala, anabandikwa nyaya kifuani, na mashine inachora mapigo yake kwenye karatasi.

Karatasi hizo zilikuwa mezani. Bibiane akaitazama ya juu. Ilikuwa ya Papa Norbert, jirani yao, mwendesha boti ya abiria iendayo Zongwe, ng'ambo ya ziwa. Sehemu moja ya mchoro ilizungushiwa duara la kalamu nyekundu. Bibiane alikuwa na miaka kumi na miwili, na wino mwekundu aliujua vizuri. Daftari lake la hesabu lilikuwa limejaa wino huo, kila palipo na kosa.

Jioni, bombani, alimwambia rafiki yake Yasmine, "Papa Norbert ana moyo mubovu. Nimeona kwa macho yangu."

"Weye! Kweli?"

"Kweli. Lakini usiambie mutu."

Yasmine alimwambia mama yake tu. Ilitosha.

Siku ya tatu abiria walikataa kupanda boti. "Moyo ukisimama katikati ya ziwa, nani atashika usukani?" mama mmoja mwenye kapu la dagaa alimuuliza Papa Norbert. "Unataka tuzame nawe?" Mwenye boti akampa mwendeshaji mwingine, Gérard, kazi yake.

Papa Norbert alirudi nyumbani mchana, akakaa mlangoni. Siku zote alimtania Bibiane akimwita Profesa. Sasa Bibiane alipita nyuma ya nyumba ili asimsalimie. Kabla usiku haujaingia, akamwambia mama yake yote.

Mama hakumpiga. Asubuhi alimshika mkono, akampeleka kwa Mama Tina, mkubwa wa wauguzi.

"Duara si kosa," Mama Tina alisema. "Tunahesabu. Tunataka kujua mchoro kama huu ni wa kawaida kiasi gani. Tumepima watu wazima mia mbili na arobaini, na kati yao thelathini na mmoja wana mchoro huu. Hao wote tumewachunguza, ni wazima. Mioyo yao inachora hivyo tu. Na mimi nilikosea kuacha karatasi mezani."

"Mimi ni mmoja wao," mama yake akasema. "Karatasi yangu ilikuwa chini ya ile. Ungefunua moja tu, ungeniona. Ungeenda kunitangaza bombani?"

Bibiane aliinamisha kichwa.

Kesho yake, Papa Norbert mwenyewe akiwa amekubali, walikwenda ufukweni. Bibiane alisimama mbele ya abiria. "Nilisoma karatasi isiyo yangu. Sikuielewa, nikasema uongo."

"Kadaktari haka!" mtu akacheka. Mama Tina akawaeleza kuwa moyo wa Papa Norbert ni mzima. Mwenye boti akamrudishia usukani. Yule mama wa dagaa akawa wa kwanza kupanda, akinung'unika.

Papa Norbert alimtazama Bibiane. "Mambo ya mwili wa mtu ni ya mwenyewe. Ukiyaona, nyamaza. Usipoyaelewa, uliza. Kwa neno lako moja watoto wangu wangelala njaa. Umesikia, Profesa?"

"Ndiyo, Papa."

Bibiane alilia. Kofi angelivumilia. Jina lile, likitamkwa kwa upole uleule wa zamani, lilimshinda.