Muhogo Ulionyimwa Maji

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitu na kukipa tabia yake, ajuaye kilichomo ndani ya mzizi na kilichomo ndani ya kifua, tunaianza habari hii. Tunamwomba atulinde tusiongeze wala tusipunguze.

Katika kata ya Murukulazo, wilayani Ngara, aliishi mkulima mmoja aitwaye Celestini pamoja na mkewe Eustakia. Mtoto wao wa kwanza alikuwa Tecla, msichana wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita. Miaka mingi baadaye walijaliwa mapacha wa kiume. Kwa desturi ya watu wa huko, aliyetangulia kuzaliwa aliitwa Bukuru, na aliyemfuata aliitwa Butoyi. Wakati wa habari hii mapacha walikuwa na umri wa miaka minne.

Kila alfajiri Tecla aliamka, akafagia uwanja, akawasha moto, akawapa wadogo zake uji, kisha akashika njia ya shule. Alasiri aliporudi aliteka maji kijitoni. Kijito kilikuwa chini kabisa bondeni, na mlima wa kurudi nyumbani ulikata pumzi.

Siku moja ililetwa habari kwamba bibi yao mzaa mama amezidiwa na maradhi kule Kibimba. Eustakia akafunga kanga mbili katika furushi. Kabla ya kuondoka alimwita binti yake kwenye ghala, akamwonyesha gunia.

"Tecla, muhogo huu ni mchungu, si wa kutafuna. Umenye, uupeleke kijitoni, uuloweke siku nne mpaka ubonyee kwa kidole na utoe harufu. Ukishatoka huko ndipo uanike. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Hebu rudia."

"Siku nne majini, ndipo juani."

"Haya. Wadogo zako nimekuachia wewe."

Jioni ile Tecla aliumenya muhogo wote. Akaitazama ndoo, akautazama mteremko, akahesabu moyoni safari za kwenda na kurudi. Mara akatokea rafiki yake Diane, kamba begani.

"Wee bibi makopa! Wenzio tunaruka kamba, wewe unazeeka na muhogo?"

"Lazima niuloweke, Diane. Mama amesema."

"Kwani maji yanaufanya nini? Si yanaulainisha tu mchi usikuchubue mikono? Kata vipande vyembamba, jua litamaliza kazi."

Tecla aliyapima maneno hayo, akayaona ni ya haki. Alichukua kisu, akaukata muhogo vipande vyembamba kama maganda, akavitandaza juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Kisha akaenda kuruka kamba.

Juma lilelile, Mwalimu Desderius alisimama mbele ya darasa la sita akiwa ameshika karatasi na kiberiti. Aliichana karatasi vipande vipande. "Hii bado ni karatasi," alisema. "Umbo limebadilika, asili imebaki. Haya ni mabadiliko ya kifizikia." Kisha akavichoma vile vipande. "Na sasa? Tecla!"

"Sasa ni majivu na moshi, mwalimu. Si karatasi tena. Kimepatikana kitu kipya, na hakiwezi kurudi kilivyokuwa. Hayo ni mabadiliko ya kikemikali."

Darasa lilimpigia makofi. Alasiri ileile Tecla alirudi nyumbani, akavigeuza vipande vya muhogo juu ya mwamba, wala hakuwaza kitu. Elimu ilikuwa imelala katika daftari. Haikuwa imeteremka mikononi.

Siku ya nne vipande vilikauka vikawa vinavunjika kwa mlio. Tecla alivitwanga kinuni, akauchekecha unga. Ulikuwa mweupe kuliko hata wa mama yake. Celestini alichota kidogo kwa vidole, akautazama.

"Mbona umewahi hivi? Uliuloweka siku ngapi?"

"Siku nne, baba."

Celestini alikuwa na haraka. Hakuzihesabu siku tangu mkewe aondoke. Alichukua jembe akaenda kwa jirani yake Nkeshimana, ambako wanaume walikuwa wakilima kwa zamu na kula hukohuko shambani.

Ilikuwa Jumamosi, mchana. Tecla alisonga ugali, akautenga pamoja na maharage machache. Mapacha walikuwa na njaa.

"Mimi ndiye mkubwa," alisema Bukuru. "Nikate tonge kubwa!"

"Mkubwa gani? Tumezaliwa siku moja!" alijibu Butoyi. Akatafuna, akakunja uso. "Dada, mchungu huu."

"Kula, usideke."

"Kama hutaki, nipe mimi," Bukuru akasema, akaivuta sehemu ya mwenzake na kuimaliza. Tecla mwenyewe alimeza matonge mawili. Uchungu ukamkaa shinani mwa ulimi, akaacha.

Kabla ya saa kumi Bukuru alilalamika kuwa kichwa kinamuuma. Akatapika. Butoyi naye akatapika. Tecla alihisi uwanja unazunguka, lakini alisimama. Alipoona Bukuru anahema kama mtu aliyekimbizwa, na miguu yake imelegea, alipiga yowe. Nkeshimana alikuja mbio na pikipiki yake, Celestini nyuma yake. Wakapakiana wote wanne na Nkeshimana mwenyewe, watoto wamebanwa katikati, wakashuka mlima kuelekea kituo cha afya.

Tabibu Projestus aliwapokea. Alipima damu kutafuta malaria, akasikiliza vifua.

"Wamekula nini leo?"

Celestini alimtazama binti yake.

"Ugali na maharage," alisema Tecla. "Kama siku zote."

"Ugali wa nini?"

"Wa muhogo."

"Uliolowekwa vizuri?"

Tecla alitazama sakafu. Alimwona mama yake mlangoni mwa ghala, akasikia sauti yake mwenyewe ikikariri maagizo. "Ndiyo," alijibu. "Siku nne."

Tabibu akageukia njia nyingine. Alitundika dripu, akatafuta maradhi mahali yasipokuwapo. Nusu saa ilipita hivyo. Bukuru alishikwa na degedege, mara ya kwanza, mara ya pili. Ya tatu haikufika. Celestini alimpokea mwanawe mikononi, akakaa chini palepale.

Katika kitanda cha pili Butoyi alianza kuhema vilevile.

Tecla aliusikia mhemo ule, akaujua. Hofu yake haikuondoka. Alisema akiwa nayo.

"Sikuuloweka! Tabibu, sikuuloweka hata siku moja! Niliukata nikauanika. Nilimdanganya baba, nikakudanganya na wewe. Msaidie huyu!"

Tabibu hakumkemea. Aliamuru mtungi wa oksijeni uletwe upesi, akaita gari la wagonjwa, akaipigia simu hospitali waandae dawa ya kuvunja sumu ya muhogo. Gari lilipoondoka na Butoyi, Celestini alimwuliza tabibu kwa sauti iliyokauka: "Angesema mapema, Bukuru angepona?"

"Sijui, mzee wangu," alijibu Projestus. "Sitaki kukudanganya. Yeye alikula zaidi. Lakini nusu saa ile tuliihitaji."

Tecla aliyasikia maneno hayo, wala hakuna aliyejaribu kuyafuta.

Bukuru alizikwa Jumapili nyuma ya nyumba. Eustakia aliwasili kutoka Kibimba wakati kaburi linafukiwa. Baada ya siku tano Butoyi alirudi, amekonda, akitembea kwa kushika ukuta. Alikizunguka kitanda chao, akachungulia chini yake, akauliza: "Bukuru yuko wapi?" Mama yake alimjibu kwa kumpakata.

Mwalimu Desderius alikuja kuhani. Tecla alimwamkia, "Shikamoo, mwalimu," bila kuinua macho. Mwalimu alimkuta Nkeshimana uwanjani, ameinama juu ya kapu la ule unga uliobaki.

"Mwalimu, kapu zima hili litupwe, na njaa hii?" Nkeshimana aliuliza. "Tukiuanika tena jua kali? Au tuusage uwe laini zaidi?"

"Usage hata uwe kama vumbi, Nkeshimana, sumu itakuwa ndani ya vumbi hilo," alijibu mwalimu. Kisha akamwita Tecla akae karibu naye. "Kukata, kukausha na kutwanga hubadili umbo tu. Muhogo mchungu unabaki kuwa muhogo mchungu. Lakini unapokaa majini siku nne, kile kiini chenye sumu huvunjika kikawa vitu vingine. Sumu ikatoka ikaenda na maji na hewa. Ile harufu anayoingoja mama yako ndiyo dalili kwamba muhogo umegeuka asili yake. Mama zetu walilijua hilo kabla yangu. Nami nilikufundisha karatasi na kiberiti, nikasahau kukufundisha chakula unachopika. Hilo ni kosa langu, nitalirekebisha."

Nkeshimana alilibeba kapu. Yeye na Celestini walichimba shimo refu, wakaufukia unga wote.

Eustakia, ambaye tangu mazishi hakuwa amesema na binti yake ila maneno ya lazima, aliinuka akamshika mkono. Viganja vyake vilikuwa baridi.

"Tecla, sikiliza. Uvivu wako umetuachia kaburi, na siwezi kukuambia vinginevyo. Ungenyamaza zaidi, yangekuwa mawili. Kazi uliyopewa ifanye yote, hata usipojua sababu yake. Na kama hujui sababu, uliza. Ukikosea, sema saa ileile, kwa maana kosa likisemwa mapema bado lina tiba. Sasa beba ndoo. Tunakwenda kijitoni, mimi na wewe."

Waliteremka pamoja na gunia jipya. Wakaulaza muhogo majini, wakauwekea mawe juu usielee. Tecla alihesabu siku nne, na kila siku alishuka kuubonyeza kwa kidole.

Mola amrehemu Bukuru na amlaze pema. Awape subira wazazi wake, amtie nguvu Butoyi miguuni, ampunguzie Tecla mzigo wa moyo wake, na awajaalie waliobaki, wasomao na wasikiao, mikono isiyochoka na ndimi zisemazo kweli kwa wakati wake. Amina.