Alibonyeza Mara Tatu

Nina miaka arobaini na mmoja. Niliishia darasa la saba, na ufundi wa umeme niliufundishwa kazini, kwenye shamba la kahawa huku Oldeani. Wasomaji wenzangu, nina kosa la kuungama.

Mkanda unaopeleka kahawa mbivu kwenye mashine ya kumenya unaongozwa na PLC, kikompyuta kilichomo kwenye boksi la umeme. Kinapitia programu kuu mstari kwa mstari, na mwisho wa mzunguko ndipo kinatuma amri kwenye mota. Mimi niliongeza programu ya dharura. Ukibonyeza kitufe chekundu, inaikatiza ile kuu na kuandika ZIMA.

Mkanda ulisimamiwa na shemeji yangu Safari, mume wa dada yangu Martina. Siku ya majaribio alinitania, "Shemeji, hiki kitufe chako kinasikia kweli?"

"Kinasikia kuliko dada yangu."

Akacheka, akabonyeza. Mkanda ukasimama, nikasaini. Lakini tulijaribu mkanda ukiwa mtupu...

Wiki ya pili ya mavuno, mkanda ulikamata koti lake. Nikiwa mlangoni nilimwona akibonyeza mara tatu. Haukusimama. Nilikimbilia swichi kuu, nikachelewa.

Baada ya mazishi nilifungua programu. Kumbe mkanda ukiwa na kahawa, programu kuu huandika WASHA kila mzunguko; ukiwa mtupu haiandiki, ndiyo maana siku ya majaribio ulisimama. ZIMA yangu iliishia kwenye kumbukumbu, haikufika kwenye mota. Programu kuu iliendelea pale ilipokatizwa, ikaandika WASHA juu yake, na mzunguko ulipoisha ni WASHA iliyotoka.

Wakubwa walisema marehemu alipaniki, hakubonyeza. Siku ya kuanua matanga Martina akaniuliza, "Kaka, ina maana alisahau?"

Nikajibu, "Labda."

Neno hilo lilinifunga. Kila Jumapili nilikula ugali wake, naye akiwaambia watoto wamshukuru Mungu kwa ajili ya mjomba. Ningesemaje? Na ningenyamaza mpaka lini?

Mwezi uliopita nilimkuta akichambua maharage, nikamweleza yote.

"Alibonyeza?"

"Mara tatu, dada."

"Basi nenda ukawaambie hao waliosema hakubonyeza."

Nilikwenda. Kazi sina tena, na Martina hajanifungulia mlango tangu siku ile...

Ndugu zangu mnaoshika mitambo, kitufe cha kuokoa mtu kikate umeme chenyewe, kisingoje programu. Kijaribuni mzigo ukiwemo. Na ukikosea, sema siku ileile, kabla mjane hajalazimika kukuuliza.