Kiyoyozi cha Bi Saumu

Kassimu ni fundi mwashi wa Mombo, pale chini ambapo barabara ya Lushoto inaanza kupanda mlima. Kazi yake anaijua, na anajua kwamba anaijua. Akipita mahali akaona ukuta umepinda, husimama na kuuliza kwa sauti, "Hivi huyu hakuona mafundi?" Watu hucheka. Yeye huendelea na safari yake, roho yake imeridhika.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, humsalimu mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Umeamkaje?"

"Nimeamka."

Mama huyo ni Bi Saumu. Alikuwa mtu wa Mponde, huko juu kwenye mashamba ya chai na ukungu. Aliishi peke yake mpaka masika yaliyopita, alipoteleza njiani akitoka kuchota maji. Alilala kwenye matope tangu asubuhi hadi adhuhuri, ndipo wachuma chai walipomkuta. Nyonga ilipona, lakini sasa anatembea kwa fimbo. Kassimu alimleta Mombo na kumjengea chumba ubavuni mwa nyumba yake.

Tatizo lilikuwa joto. Bi Saumu hakulizoea. Alishinda akijipepea kwa upande wa khanga, na usingizi haukuja. Ndani ya mwezi mmoja presha yake ilipanda mara mbili. Nesi wa zahanati alimwambia Kassimu, "Bibi akae mahali penye ubaridi."

"Basi nirudi kwangu," alisema Bi Saumu.

Kassimu hakutaka kusikia habari hiyo. Akianguka tena huko juu, nani atamwokota? Siku chache baadaye alikwenda Tanga na kurudi na kiyoyozi kipya, kikiwa ndani ya boksi. Kilikuwa cha vipande viwili, kimoja cha kufungwa ndani na kimoja cha nje.

Jirani yao, Yudith, aliliona boksi likishushwa. Yudith amesomea chuo cha ufundi. Hutengeneza friji na viyoyozi katika nyumba za wageni zilizopo barabarani.

"Shikamoo baba Salma," alimwambia Kassimu. "Ukiwa tayari kufunga, niite."

Kassimu alikuwa amesimama na mafundi wenzake wawili. Aliwatazama kwanza, kisha akacheka.

"Binti, mimi nimejenga nyumba ngapi hapa Mombo? Kubandika sanduku ukutani nayo ni kazi ya kusomea chuo?"

Wenzake wakacheka. Yudith akasema, "Sawa, baba Salma," akaenda zake.

Kassimu alikifunga mwenyewe, akitazama video kwenye simu. Kipande cha ndani alikiweka ukutani, juu ya kitanda cha mama. Ilipofika zamu ya kipande cha nje, akawaza. Yeye ni mtoto wa mlimani. Amekulia mahali ambapo kitu chochote kikiachwa nje kinanyeshewa, kinaota kutu au kinaoza. Huko kwao hata kuni zina paa lake. Mashine mpya ataiachaje nje? Na wezi je?

Akaiweka stoo, nyuma ya chumba cha mama, pamoja na mifuko ya saruji. Stoo ina bati juu na mlango mmoja, na mlango huo hufungwa kwa kufuli.

"Huku mvua haitaiona," alimwambia mkewe, Sharifa.

"Hewa je, itaiona?" aliuliza Sharifa.

"Wewe pika," alijibu Kassimu. Maneno hayo aliyajutia baadaye.

Kikawashwa. Ubaridi ulitoka, Bi Saumu akatabasamu. Kassimu akampigia simu Mama Raheli, rafiki wa mama yake kule Mponde. "Njooni mumwone mwenzenu," alisema. "Chumba chake sasa ni kama Mponde mwezi wa saba."

Lakini kila siku ilikuwa hivyohivyo. Kiyoyozi kilivuma nusu saa, kikazima chenyewe. Kikiwaka tena kilipuliza hewa vuguvugu. Ukuta wa upande wa stoo ulikuwa wa moto ukiugusa. Maji yalidondoka kitandani, Sharifa akaweka beseni.

"Mwite Yudith," alisema Sharifa.

"Kitazoea," alisema Kassimu. Yeye mwenyewe hakuamini alichosema. Alijua amekosea mahali, ila hakujua ni wapi, na kuuliza kulimshinda. Angeuliza vipi baada ya kicheko kile?

Jumapili mchana Mama Raheli alishuka kutoka Mponde na wanawake wawili, wametoka kanisani. Walileta viazi mviringo na peasi.

"Onga mshi," walisalimu kwa Kishambaa, wakaingia chumbani.

Kassimu alibaki mlangoni. Chumba kilikuwa kama jiko la mkate. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma bure. Wageni walianza kujifuta jasho. Kassimu alitamani ardhi ipasuke aingie.

Ndipo Bi Saumu alipolivuta blanketi lake zito, lile alilokuja nalo kutoka mlimani. Akajifunika mpaka shingoni.

"Mtanisamehe jamani," alisema. "Hii baridi ya mashine inaniingia kwenye mifupa. Huyu mwanangu kanifanyia kweli."

Wanawake walitazamana. Tone la jasho lilikuwa likiteremka kwenye pua ya Mama Raheli. Hakulifuta.

"Ni kweli, Saumu," alisema polepole. "Kuna kaubaridi."

Wale wengine nao wakaitikia. Wakakaa, wakazungumza habari za chai na za watu wa Mponde. Saa nzima Bi Saumu hakulitoa blanketi.

Wageni walipoondoka, Kassimu aliingia na kumfunua mama yake. Gauni lilikuwa limelowa. Blanketi lenyewe lilikuwa na majimaji. Uso wa bibi ulikuwa umewiva.

"Mama, kwa nini?"

"Wangesema nini wakifika kule? Kwamba mwanangu hawezi kazi?" Bi Saumu alipumua kwa shida. "Mimi ni mama yako. Ila mwanangu, nirudishe kwangu. Hapa nitakufa, na wewe utabaki na lawama."

Sharifa alikuja na maji na kitambaa, akamtoa bibi uani kwenye kivuli. Kassimu aliketi kitandani karibu na beseni, akalia. Aliona aibu, na hakuwa na wa kumsukumia lawama. Mama yake mgonjwa alikuwa amejichemsha ndani ya blanketi ili kuficha ujinga wa mwanawe.

Aliinuka, akaenda kwa Yudith. Alimkuta barazani, anafungua friji ya mtu. Kassimu alisimama mbele yake, mikono nyuma.

"Shikamoo baba Salma."

"Marahaba." Kisha akasema, "Nilikukosea. Mbele za watu. Na kazi yenyewe nimeiharibu. Mama yangu anaungua kule ndani."

Yudith hakucheka. Alichukua mkoba wake wa vifaa.

Alipofungua mlango wa stoo, joto lilimpiga usoni akarudi nyuma. Akazima umeme kwanza. Ndipo akaanza kueleza.

"Baba Salma, kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachukua joto la chumbani na kwenda kulitupa kupitia kipande cha nje. Wewe ukichota maji kwenye shimo la msingi, unayamwaga wapi?"

"Mbali."

"Ukiyamwaga ukingoni?"

"Yanarudi shimoni."

"Ndicho ulichokifanya. Joto la bibi unalitupa stoo, halina pa kwenda. Linarudi kwa bibi kupitia ukutani. Mashine inachoka, inajizima ili isiungue. Kipande cha nje kimetengenezwa kikae nje. Mvua kinaivumilia. Kisichoweza kuvumilia ni kukosa hewa."

Kassimu aliinamisha kichwa. Yudith aliendelea kukagua. Alipaka povu la sabuni kwenye maungio ya mabomba ya shaba, nalo likatoa viputo vidogo vidogo. Gesi ilikuwa inavuja. Bomba la kutolea maji ya kiyoyozi lilikuwa limepandishwa juu kabla ya kutoka nje, kwa hiyo maji yalirudi chumbani.

"Maji hayapandi mlima," alisema Yudith. "Bomba lishuke tangu mwanzo hadi mwisho."

Mwisho alivuta waya. Kassimu alikuwa amechomeka mashine kwenye eksitensheni moja na friji ya nyumbani. Plagi ilikuwa nyeusi, imeanza kuyeyuka.

"Hii imeniogopesha kuliko yote," alisema. "Ilikuwa karibu kuwaka moto. Na bibi analala hapa."

Kassimu aliipokea ile plagi, akaitazama. "Nifanyeje?"

"Ukikuta ukuta umejengwa bila pima maji, huwa unafanyaje?"

"Nabomoa."

"Haya."

Kesho yake asubuhi walianza. Yudith alichagua ukuta wa nje upande wa kivuli, ambako hewa ya mashine haitampulizia jirani. Kassimu alifunga vyuma viwili vya kubebea kwenye tofali imara, akavipima kwa pima maji. Waliacha nafasi nyuma ya mashine na mbele yake, na hakuna kilichowekwa cha kuiziba. Kwa ajili ya wezi, Kassimu alitengeneza kizimba cha nondo chenye matundu makubwa. Fundi umeme mwenye leseni alivuta waya mnene wa peke yake kutoka kwenye boksi la umeme, ukiwa na swichi yake na waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme ukivuja. Kipande cha ndani kilihamishwa kisimpulizie bibi moja kwa moja. Yudith alikaza upya maungio, akanyonya hewa yote kwenye mabomba kwa pampu, ndipo akajaza gesi kwa kuipima kwenye mizani.

Wale mafundi wenzake wawili walipita barabarani, wakasimama.

"Kassimu, mbona unabomoa tena?"

Kassimu alikuwa juu ya ngazi. Angeweza kudanganya. Masikio yalimwaka moto.

"Nilifunga vibaya," alisema. "Sikuwa naijua kazi hii. Yudith anaijua. Ananifundisha."

Hawakucheka. Mmoja alisema tu, "Haya mghoshi, mwanamume wewe, pole na kazi."

Mchana kiyoyozi kiliwashwa, madirisha yamefungwa. Yudith alimwonyesha Sharifa jinsi ya kutoa chujio na kulisafisha kwa maji kila baada ya wiki mbili. "Na rimoti weka nyuzi ishirini na sita," alisema. "Bibi hahitaji barafu."

Siku ya nne, mchana, Kassimu alirudi kutoka kazini na kuingia kumsalimu mama. Nje, maji yalidondoka taratibu kwenye ndoo. Kitandani palikuwa pakavu.

"Kassimu," aliita Bi Saumu, "nipe blanketi langu. Nasikia baridi."

Kassimu alikumbuka ile Jumapili. Hakumpa blanketi. Alipiga magoti, akaigusa miguu ya mama yake. Ilikuwa imepoa.

"Safari hii ni kweli," alisema Bi Saumu.

Kassimu alimfunika. Kisha akatoa simu, akampigia Mama Raheli.

"Shikamoo mama. Nataka kukwambia kitu. Siku ile mlipokuja, chumba hakikuwa na baridi. Nilifunga mashine vibaya. Mama alikuwa ananifichia aibu."



"Tulijua, mwanangu," alisema Mama Raheli. "Na sisi tulikuwa tunakufichia. Sasa mama yako anaendeleaje?"

Kassimu alimtazama mama yake. Macho yalikuwa yamefumba, na blanketi lilipanda na kushuka taratibu.

"Amelala," alisema. "Mchana huu huu, mama. Amelala."