Mlango Ulioganda Kando ya Sauna

Kila Alhamisi asubuhi Vieno alimpeleka mumewe Taisto hospitali ya mjini. Figo za Taisto zilikuwa zimechoka, na mashine ya hospitali ndiyo iliyomsafishia damu. Akikosa siku moja tu, miguu ilimvimba na pumzi ikamwishia. Kwa hiyo hawakukosa.

Jumatano jioni walioga katika sauna, kibanda chao cha kuogea mvuke wa moto, kama kawaida yao. Gari liliegeshwa pale pale pa siku zote, kando ya ukuta wa sauna, kwa sababu hapo palikuwa karibu na mlango wa nyumba. Mvuke wa sauna ulitoka dirishani ukatua juu ya gari. Usiku baridi ikakaza.

Asubuhi walikunywa kahawa na mkate mweusi, wakavaa, wakatoka. Vieno alishika kitasa cha mlango wa dereva. Mlango haukutikisika.

"Umeganda," alisema.

"Umeganda wapi? Wewe unashika kitasa kama unashika yai," alisema Taisto. "Hebu nipishe."

"Usivute kwa nguvu, mzee."

"Nani anavuta? Naleta maji."

Pipa la sauna lilikuwa bado na maji ya moto. Taisto alijaza ndoo, akarudi akihema, akaumwagia mlango wote. Mvuke ulipanda, naye akatabasamu. Lakini maji yaliingia kwenye upenyo wa mlango, yakaganda humo humo. Sasa mlango ulikuwa umeshikamana na gari zaidi kuliko mwanzo. Taisto alikasirika, akakamata kitasa kwa mikono miwili, akavuta. Kitasa kikabaki mkononi.

"Asiyesikia la mkuu..." Vieno alianza.

"Huvunjika guu. Najua."

"Huvunjika kitasa!"

Lakini Vieno mwenyewe hakucheka. Tangu jana uso wa mumewe ulikuwa umeanza kuvimba, na mashine haiji nyumbani.

"Ile dawa ya kuyeyusha barafu iko wapi?" aliuliza.

Taisto aliangalia chini. "Imo ndani ya gari."

Wakati huo jirani yao Raili alikuwa anatoka kwake. Raili aliendesha teksi ya watoto wa shule, na gari lake lililala nje kila siku ya baridi. Aliiona ndoo, akakiona kitasa.

"Jamani! Mnaliogesha gari au mnalizika?"

"Dada Raili, acha utani," Vieno alisema. "Leo ni siku ya mashine."

Raili akaacha utani. "Ningewapeleka mimi, ila watoto wananisubiri barabarani. Tulifungue hili. Maji ya moto basi tena! Yanaganda, na kioo kinaweza kupasuka. Na mlango ulioganda hauvutwi, unasukumwa."

"Unasukumwa? Mimi nataka kuufungua!" alisema Taisto.

"Unausukuma ili barafu ivunjike, kaka. Ukishalegea, ndipo unafungua. Na tusianze na huu uliouogesha. Twende upande wa pili, mbali na sauna."

Raili alifagia theluji kwenye mlango wa nyuma. Akakwangua barafu pembeni kwa kikwangulio cha plastiki, maana chuma huchubua rangi na kukata mpira. Kisha akauegemea mlango kwa nyonga, akausukuma, akasukuma tena. Barafu ikalia, ka! Akavuta polepole. Mlango ukafunguka.

"Ahsante Mungu," alisema Vieno. Machozi yalimtoka, yakaanza kumgandia kwenye kope.

Raili alitoa theluji iliyoziba bomba la moshi. Vieno akapenya kutoka kiti cha nyuma hadi kwenye usukani, akawasha gari na kipasha joto. Ile dawa wakaipuliza pembeni mwa mlango wa mbele wa abiria, upande wa Taisto, wakangoja kidogo, wakausukuma, nao ukafunguka. Walifika hospitali wamechelewa kidogo. Muuguzi aliwagombeza, lakini mashine ilikuwa bado inamsubiri Taisto. Vieno alikaa kwenye benchi ukumbini, akalala usingizi mzito wa mtu aliyetua mzigo.

Jioni Raili alikuja kunywa kahawa, akawafundisha mbele ya gari.

"Barafu haishiki chuma tu, inashika mpira huu unaozunguka mlango. Mpira ukiwa na maji, unaganda. Kwa hiyo ufute kwa kitambaa mpaka ukauke. Kisha upake silikoni, kilainishi cha mpira kisichoganda, inauzwa dukani kwenye vifaa vya magari. Usipake mafuta ya kupikia."

"Na dawa ya barafu?" aliuliza Vieno.

"Iwe ndani ya nyumba, karibu na viatu. Dawa iliyofungiwa garini inamsaidia nani?"

Taisto alikuna kichwa. Siku ile ile alilihamisha gari mbali na sauna. Alifuta na kupaka mpira wa kila mlango mwenyewe. Baadaye akanunua kitasa kipya, na kile cha zamani Vieno akakitundika jikoni ili mumewe asisahau.

Alhamisi iliyofuata baridi ilikuwa kali zaidi. Vieno alitoka akiwa na wasiwasi, dawa mkononi. Taisto alimpita, akashika kitasa kwa vidole viwili, na mlango wa dereva ukafunguka bila kelele. Akaushikilia wazi ili Vieno aingie. Jambo hilo hakuwahi kumfanyia mkewe tangu siku ya harusi.

"Ingia, mama," alisema. "Ingia kabla wewe hujaganda."