Suud, Refa wa Matrah

Mwaka 1970 Suud alikuwa mgeni Maskati. Alitoka Unguja peke yake. Kiarabu chake kibovu kikiwachekesha watu sokoni. Rafiki alikuwa naye mmoja tu, Harub, Muunguja mwenzake. Kila alasiri wakinywa kahawa pamoja Matrah, mtaa wa bandarini.

Harub alikuwa kocha wa timu ya mpira. Suud alikuwa refa. Ijumaa, siku ya mechi, ndiyo siku pekee wenyeji walipomwita kwa jina lake.

Ijumaa moja Harub alipiga kelele kwa Kiswahili kutoka pembeni.

"We Suud! Ile si penalti? Macho umeyaacha Unguja?"

"Kaanguka mwenyewe, bwana!" Suud akajibu, huku anacheka.

Wakabishana hivyo kipindi kizima. Timu ya pili haikuelewa hata neno. Nahodha wao, Bakhit, akawatoa wenzake kiwanjani.

"Refa na kocha wanapanga mambo," alisema kwa Kiarabu.

Suud hakupanga kitu. Lakini nani angemsadiki? Wakubwa wa timu zote mbili wakamwambia, "Ukiharibu tena, filimbi utaiacha."

Akaenda kwa jirani yake, Bi Mahfoudha, akamweleza. Marehemu mumewe alikuwa refa Unguja.

"Kitendawili, mwanangu."

"Tega."

"Nna watoto wawili. Nikimnong'oneza mmoja, mwengine hulia."

"Wewe, Bi Mahfoudha?"

"Mie wapi! Refa huyo, na timu zake mbili! Kocha akilalamika, usibishane naye, wala usicheke naye. Akizidi, simamisha mchezo. Waite manahodha wote wawili wasikie. Mwonye kwa upole, kwa lugha ya wote. Akirudia, mtoe. Na kocha wa pili vivyo hivyo."

"Nikimtoa Harub, ntakaa na nani?"

Bi Mahfoudha akamsindikiza mpaka mlangoni. "Hilo, baba, utachagua mwenyewe."

Ijumaa iliyofuata Harub akaanza tena. "Unatuonea, Suud!" Suud akaendelea na mchezo. Harub akaingia kiwanjani. Suud akasimamisha mchezo, akawaita manahodha, akamwonya kwa Kiarabu chake kile kile. Safari hii hakuna aliyecheka. Harub akarudia, akatukana.

"Toka nje, tafadhali," Suud akasema.

Mchezo ukaisha salama. Bakhit akampa mkono.

Harub hakuja tena kunywa kahawa. Alasiri zikawa ndefu.

Siku moja Harub akabisha hodi kwa Suud.

"Karibu ndani."

"Hapa panatosha. Timu zote mbili zinakutaka uchezeshe fainali."

"Na wewe?"

"Mimi sikutaki. Vijana wangu ndio wanaokutaka."

"Ukipiga kelele ntakutoa tena."

"Najua," Harub akasema. "Ndiyo maana wanakutaka."

Akaenda zake. Suud akasimama mlangoni mpaka Harub alipokata kona.